Ile ratiba ya RTD ya kutwa nzima: nani aliipanga mpaka nyumba nzima ikawa inasikiliza?

Mwana_Kilosa
Habari zenu wakuu. Kuna jambo nataka tulijadili vizuri maana nimelifikiria sana wiki hii. Zamani pale nyumbani redio ilikuwa moja, stesheni nayo moja, Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), lakini kila mtu ndani ya nyumba alikuwa na chake. Wagonjwa wana Ugua Pole, mkulima ana Mkulima wa Kisasa, watoto wana Mama na Mwana, wenye mashairi yao wana Malenga Wetu, wanafunzi wana vipindi vya shule, wapenda dansi usiseme, halafu saa mbili usiku ile ngoma ikilia nyumba nzima kimya, taarifa ya habari, na baada yake Mazungumzo Baada ya Habari ambayo sisi watoto tulikuwa hatuelewi kitu lakini huthubutu kupiga kelele. Leo simu yangu inashika stesheni chungu nzima na sijapata hata moja ninayoweza kuiacha wazi kutwa bibi, mke wangu na mtoto wa darasa la pili wakasikiliza wote bila mmoja kununa. Sasa swali, ile ratiba kuna watu walikaa wakaipanga kwa akili, au ilitokea tu kwa kuwa hatukuwa na pa kwenda? Na nini kiliiua? Karibuni.

Kibatari
Mkuu jibu umejijibu mwenyewe, stesheni moja. Ukiwa na duka moja mtaani lazima liuze sabuni, chumvi, daftari na mafuta ya taa. Yakifunguliwa kumi kila mmoja anachagua biashara yake. Hakuna muujiza hapo.

Binti_Mzizima
Umenikumbusha mbali sana 😢 Mama na Mwana ya Deborah Mwenda jamani. Sisi tulikuwa tunacheza kombolela huko nje, mtu mmoja tu akisikia ile sauti inaanza anapiga ukelele mchezo unavunjika hapohapo hata aliyejificha anatoka mwenyewe. Tunakaa chini kwenye mkeka karibu na redio, mama anachambua mchele anajifanya hasikilizi, hadithi ikifika pabaya mkono wake unasimama kwenye ungo. Mpaka leo nikimsimulia mwanangu hadithi najikuta nabadilisha sauti kama yule mama.

Fundi_wa_Majengo
Mimi nitawapa sababu ambayo wasomi huwa hawaitaji, BETRI. Nimetengeneza redio tangu kijana pale Moshi naongea kitu nachokijua. Redio nyingi za vijijini zilikuwa National, zilikuwa zinaungwa hapahapa Dar na kile kiwanda cha Matsushita ambacho kilitoa na betri zake, na Philips nazo zikatoka Arusha. Zile zinakula betri kubwa, nne au sita. Kijijini betri ni hela, na kuna miaka hela unayo betri duka la ushirika hakuna. Kwa hiyo redio haiwashwi hovyo. Inawashwa kwa kipindi, kipindi kikiisha inazimwa. Betri zikichoka zinatolewa zinaanikwa juani juu ya bati, jioni zinarudishwa zinasukuma habari ya saa mbili kwa shida sauti inafifia mzee anainamia kabisa spika. Sasa watu wanaosikiliza hivyo lazima uwawekee kipindi kinachojulikana saa yake, ukibadilisha ovyo umewapoteza. Ndo maana ratiba ilikuwa imara.

Kibatari
Fundi heshima yako lakini betri inaeleza kwa nini mlikuwa mnazima. Haielezi kwa nini kulikuwa na kipindi cha mtoto na kipindi cha mgonjwa. Mjini tulikuwa na umeme, redio inaongea toka alfajiri, na ratiba ilikuwa hiyohiyo.

Mwalimu_Mstaafu
Vijana, naomba niseme kidogo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilaya ya Rungwe miaka ya 70, nasema niliyoyaona. Redio ilikuwa chombo cha elimu ya watu wazima, haikuwa burudani peke yake. Mwaka 1971 kulikuwa na kampeni ya Wakati wa Furaha kuadhimisha miaka 10 ya uhuru, 1973 ikaja Mtu ni Afya, 1975 Chakula ni Uhai. Hiyo Mtu ni Afya ilikuwa ni vikundi, mnakaa chini ya mti au darasani, kipindi kinasikilizwa wote pamoja, kiongozi wa kikundi anasoma sehemu ya kitabu, mnajadili, halafu mnakubaliana nini kifanyike wiki hiyo. Wiki ya vyoo ni vyoo kweli, majembe yanatoka. Watu karibu milioni 2 nchi nzima walishiriki. Mimi kikundi changu kilikuwa na wazee ambao kusoma walikuwa ndo wanajifunza, kipindi kikiisha wanabishana kuhusu maji ya kuchemsha mpaka giza linaingia. Sasa mtu akiniambia ratiba ya redio ilijitokea tu nashangaa. Kulikuwa na watu wanajiuliza, mkulima anarudi saa ngapi kutoka shamba, mama anapumzika saa ngapi. Walipanga.

Mwana_Kilosa
Shikamoo mwalimu. Hiki ndo nilikuwa natafuta, asante sana.

Jogoo_la_Shamba
Nyerere alifanya kazi kubwa sana, RTD aliianzisha 1961 nchi haina hata hela akaifanya ya wananchi.

Karani_Msomi
@Jogoo_la_Shamba tuweke sawa hapo. Matangazo yalianza 1951 wakati wa mkoloni, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. 1956 ikawa Tanganyika Broadcasting Corporation, kwa hiyo hii TBC mnayoiona leo jina lake si jipya hata kidogo, ni la zamani limerudi. Jina la Radio Tanzania Dar es Salaam limekuja 1965 serikali ilipoichukua moja kwa moja. Katikati hapo miaka ya 2000 ikaitwa TUT, yaani Taasisi ya Utangazaji Tanzania, kabla ya kurudi TBC. Na RTD ilikuwa na idhaa zaidi ya moja, Idhaa ya Taifa, Idhaa ya Biashara na ile ya nje. Kwa hiyo hata hiyo hoja ya "stesheni moja" ya Kibatari ina tundu, mtu wa mjini alikuwa anaweza kuhama kutoka Taifa kwenda Biashara kufuata muziki.

Kibatari
Kuhama kutoka chumba kwenda sebuleni, nyumba ileile mwenye nyumba yuleyule 😂

Mchangani_Unguja
Nyie wa bara mnajisifia redio, sie Unguja tuna televisheni ya rangi toka miaka ya 70 wakati nyie mpaka 1994 ndo mnaiona ITV. Lakini nikwambieni kitu, hiyo televisheni haikuiua redio kwetu. Mwezi wa Ramadhani redio ndo inayoendesha nyumba. Kur-ani alasiri, futari ishatengwa, tende mkononi, watu wamekodoa macho redioni kama vile inaonesha picha, wanangoja adhana. Usiku taarabu. Bibi yangu hakuwa na saa ya ukutani maisha yake yote, saa yake ilikuwa Sauti ya Tanzania Zanzibar. Kwa hiyo mie naona jambo si ratiba wala betri, ni kwamba maisha ya watu yenyewe yalikuwa na mpangilio mmoja, redio ikafuata. Leo kila mtu ndani ya nyumba anakula saa yake analala saa yake, redio gani itawafuata nyote?

Mwana_Kilosa
Aisee hii nayo ni nzito.

Dada_Mkubwa
Samahani ndugu zangu ila naona wanaume mnakumbuka nyumba ambayo mimi siijui. "Nyumba nzima ilikuwa inasikiliza." Redio ilikuwa ya baba. Imewekwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kudarizi alichodarizi mama, lakini mama haruhusiwi kugusa kitufe. Baba akisafiri anatoa betri anaondoka nazo. Vipindi vya akina mama vilikuwepo ndiyo, mama yangu alikuwa anavisikia kwa jirani, anatoka na mtoto mgongoni anajifanya kwenda kuomba moto. Usiku baba yuko sebuleni na wageni wake wanasikiliza habari, sisi wasichana tuko jikoni, tunachosikia ni kinachopenya dirishani. Niliwajua Pwagu na Pwaguzi, wale wa mchezo wa kuchekesha redioni, kwa vicheko vya wanaume kabla sijawasikia wenyewe. Nawapenda wote, na mimi RTD naipenda mpaka kesho, lakini tusiseme ilikuwa familia moja kwenye mkeka mmoja. Ratiba ilikuwa ya wote, redio ilikuwa ya mmoja.

Binti_Mzizima
Dada pole. Kwetu mkeka ulikuwepo kweli, lakini nadhani kwa kuwa mama ndo alikuwa mwajiriwa na redio aliinunua yeye.

Fundi_wa_Majengo
@Dada_Mkubwa baba aliondoka na betri. Umeona sasa? BETRI.

Dada_Mkubwa
Fundi wewe 😂😂 haya.

Mgogo_wa_Kikuyu
Ngoja niwaulize kitu ambacho kimenichanganya miaka yote. Mimi nimekulia Dodoma. Nilipoenda kusoma Morogoro 1994 wenzangu bwenini wakawa wanaitana "Mkwaju", mtu akionekana na msichana mpya tu "we Mkwaju wewe", mimi sielewi hata. Nikauliza wakanicheka wakasema we umetoka porini. Mkwaju alikuwa kwenye mchezo wa redio Twende na Wakati. Sasa sisi Dodoma tulikuwa na redio na betri zipo, mbona hatukuusikia?

Karani_Msomi
@Mgogo_wa_Kikuyu hukutoka porini kabisa mkuu, mlirukwa makusudi. Twende na Wakati ulianza 1993, mara mbili kwa wiki nusu saa, Mkwaju ni dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, mkewe Tunu, na ulikusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na UKIMWI. Waliouanzisha walitaka kupima kama mchezo unabadilisha watu kweli, kwa hiyo eneo linalopokea kutoka mtambo wa Dodoma likawekewa vipindi vingine mpaka 1995, ili walinganishe waliosikia na wasiosikia. Baadaye ndo mkafunguliwa.

Mgogo_wa_Kikuyu
Kumbeee. Yaani nimechekwa bwenini kwa ajili ya utafiti 🙆🏾‍♂️ Asante mkuu.

Mwalimu_Mstaafu
Na hilo nalo linaonyesha nilichosema. Mtu anayepanga mpaka wilaya gani isikie nini, huyo hakukurupuka.

Kibatari
Mwalimu hiyo 1993 ilikuwa kwa ufadhili wa nje na wataalamu wa nje. Usiichanganye na Mtu ni Afya.

Mwalimu_Mstaafu
Ufadhili wa nje ulikuwepo hata 1973, kijana wangu. Aliyechimba choo ni mimi.

Wa_Kisauni
Niaje wadau, mimi wa upande wa Mombasa. Huku tulikua na Sauti ya Kenya kabla haijakua KBC 1989, na nyie mnaongea kama ni Tanzania pekee. Jumapili huku ilikua "Je, Huu ni Ungwana?" ya Leonard Mambo Mbotela, alianza 1966 na akaenda nayo miaka na mikaka, anauliza tu, mtu kuingia kwa nyumba ya wenyewe bila kubisha hodi, je huu ni ungwana? Na wazee walikua wanaitumia kutuchapa nayo, ukikosea kidogo meza nzima "je huu ni ungwana?" Mambo Mbotela huyohuyo ndio wanajeshi walimtoa nyumbani tarehe 1 Agosti 1982 wakamlazimisha atangaze mapinduzi. Sauti ya watu wote wanaiamini, ndio maana waliitaka hiyo. Sasa kwa swali la mwenye uzi, huku kwetu kilichovunja familia ya redio sio FM ya muziki, ni lugha. Zikaja stesheni za kila kabila. Nyanya yangu akawa na yake ya kinyumbani, baba yake, sisi vijana yetu ya Sheng. Nyumba moja, redio tatu.

Mchangani_Unguja
Mambo Mbotela Mungu amrehemu, sauti ile ilifika hadi kwetu usiku.

Wa_Kisauni
Na kutangaza mpira je! Mpira ulikua mtamu redioni kuliko uwanjani.

Mnyama_1979
Umesema mpira basi nimefika. 1979 Simba kafungwa na Mufulira Wanderers 4-0 hapahapa Dar, klabu bingwa Afrika. Watu wa Yanga mtaani kwetu wakatuchinjia mbuzi wa matanga. Marudiano Lusaka nani alikuwa na habari nayo? Baba yangu alikuwa hataki hata kuwasha. Simba akashinda TANO BILA. Goli la tatu lilipoingia baba akaitoa redio nje akaiweka juu ya kinu ili mtaa mzima usikie, watu wakawa wanakuja na vigoda. La tano sijui hata lilitangazwaje maana kelele. Mpaka leo sijaona picha ya mechi ile na ninaiona yote kichwani.

Jogoo_la_Shamba
Yanga tulikuwepo, na mbuzi tulimla 😂

Mnyama_1979
Mlimla kabla ya wakati.

Njia_Panda_Himo
Mmesahau matangazo ya vifo. Hakuna kipindi kilichosikilizwa kama kile. "Bwana fulani wa Dar es Salaam anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, mazishi yatafanyika kijijini, habari ziwafikie..." halafu yanaanza majina, mmoja wa Tanga, mmoja wa Bukoba, mwingine wa Tabora. Mama akiwa anasonga ugali mwiko unasimama mpaka majina yaishe. Simu hakuna, barua inachukua wiki mbili. Mjomba wangu alijua msiba wa babu yetu kwa redio akiwa Mpanda, alisikia jina lake mwenyewe likitajwa. Kwa hiyo mimi nasema watu walikuwa hawafungui redio kwa sababu ya burudani, ilikuwa ndiyo simu yao. Na salamu za kadi ni hivyohivyo, unanunua kadi unajaza majina ya ndugu, unaituma, unasubiri kusikia jina lako linasomwa. Simu za mkononi zilipokuja kazi hiyo ikaisha. Nimeona hata kwa mama yangu, alipopata simu yake redio ikaanza kukaa kimya.

Karani_Msomi
Hii ya Njia Panda ndo naiona ina nguvu kuliko zote mpaka sasa.

Mauzo_FM
Nimefanya kazi kitengo cha mauzo kwenye stesheni moja ya FM, sitaitaja. Niwaambie inavyokwenda. Sheria ya utangazaji ilipofungua milango 1993, Radio One ikaingia 1994 na wengine wakafuata, redio ikawa lazima ijilipe. Mwenye tangazo anataka kijana wa mjini mwenye hela ya vocha na soda. Tuliwahi kuwa na kipindi cha watoto, kizuri kweli, shule zinaleta watoto studio wanaimba, wanasoma mashairi. Msimu mmoja mdhamini akajitoa. Nikazunguka na lile pendekezo kila ofisi, wote wanakisifia, mwisho wananiambia mtoto hanunui. Kikafutwa Ijumaa, Jumatatu saa ileile tukaweka muziki na utani wa watangazaji, tangazo likapatikana siku hiyohiyo. Na mkulima ni hivyohivyo, yuko mbali na mnara wa FM hatusikii, kwa hiyo hayumo kwenye hesabu. Mawimbi ya kati ya RTD yalikuwa yanavuka milima usiku, FM ikishapita kilima imekwisha.

Binti_Mzizima
Inauma sana hii.

Mziki_wa_Dansi
Na muziki je? NUTA Jazz, Western Jazz, Mlimani Park, Vijana Jazz, Maquis, wote walikuwa wanaenda kurekodi RTD kwa kuwa studio ya maana ndo hiyo. Kwa hiyo redio haikuwa inapiga muziki wa mtu, ilikuwa inapiga ilichokirekodi yenyewe. Zile tepu zipo mpaka leo maktaba. Nyimbo za watu wazima, mtoto akisikia haoni aibu na mzee haoni aibu, hiyo nayo ni sababu.

Kizazi_2001
Shikamooni wakubwa. Mimi naomba kupinga kidogo. Bibi yangu Temeke anafungua Clouds Leo Tena kila siku asubuhi anasikiliza mikasa ya ndoa mpaka anawajibu watangazaji kwa sauti, mama anasikiliza naye, na mimi nikiwa likizo nakaa hapo. Tunabishana. Hiyo si familia? Labda ninyi mmeacha kukaa nyumbani mchana.

Dada_Mkubwa
Mtoto ameongea kweli. Na hapo redio ni ya bibi.

Ziwa_Magharibi
Na vijijini bado ipo. Huku kwetu Sengerema kuna redio ya jamii, asubuhi bei za samaki, wanatangaza ng'ombe aliyepotea na mtoto aliyepotea, kilimo, afya, watoto wana muda wao. Mambo yaleyale ya RTD isipokuwa inaishia wilayani. Mnaosema imekufa njooni mtembee.

Mwana_Kilosa
Wakuu nimesoma yote, mwalimu ana hoja, Njia Panda ana hoja, na dada kanifanya nifikirie upya. Leo mchana nimempigia mama yangu Kilosa nikamuuliza alikuwa anapenda kipindi gani. Kaniambia, "Mwanangu mimi nilikuwa nasubiri matangazo ya vifo, nikiona hakuna wa kwetu nazima."

Njia_Panda_Himo
Nilisema mimi.

Mwalimu_Mstaafu
Muulize na choo kilichimbwa mwaka gani.

Fundi_wa_Majengo
Na muulize kwa nini alikuwa anazima. Umeme hapo Kilosa mlikuwa nao?

Mwana_Kilosa
Haukuwepo fundi.